Pishi kwenye kibaba: kipindi cha kwanza cha uhandisi wa programu

Shikamooni wakubwa zangu mlioketi huku mbele, na habari za mchana, wadogo zangu. Nimepewa saa moja, na baada yangu kinaingia kipindi cha hesabu, kwa hiyo sitazunguka.

Nianze na mama mmoja. Miaka kadhaa iliyopita niliandika mfumo wa mikopo kwa chama kimoja cha kuweka na kukopa, jina tuliache. Wanachama wake wengi walikuwa watu wa sokoni. Mfumo ulisajili wanachama, ukatoa mikopo, ukapokea marejesho. Niliujaribu kwenye laptopu yangu wiki nzima, kila kitu kikaenda sawa. Nikalipwa, nikatulia.

Mwezi wa tano tangu mfumo uanze, yule mama akaja ofisini na daftari dogo la mistari, limefungwa kwa mpira. Kila rejesho lake la shilingi 50,000 alikuwa ameliandika kwa peni, na tarehe yake, na sahihi ya keshia pembeni. Akasema, "Mwanangu, mimi nadaiwa 250,000. Mashine yenu inasema 150,000. Niangalizieni, sitaki kesho mje kuniambia nimekula hela za wenzangu."

Nikafungua hifadhidata. Kweli kabisa. Siku mbili tofauti, rejesho lake limeingia mara mbili, la pili limelifuata la kwanza baada ya sekunde chache tu. Nikamwendea keshia. Akanijibu bila wasiwasi: siku hizo mtandao ulikuwa unasuasua, nabonyeza "Hifadhi", kinazunguka tu, kinazunguka, nikabonyeza tena. Sasa niambieni, nani kati yenu asingebonyeza tena?

Kilichotokea ni hiki. Ombi la kwanza lilifika kwenye seva na likahifadhiwa vizuri. Kilichopotea njiani ni jibu. Keshia hakuona jibu, akatuma tena, na seva ikapokea ombi la pili kama malipo mapya. Ukiusoma msimbo wangu mstari kwa mstari huoni kosa. Kwangu nyumbani seva na kivinjari vilikaa ndani ya laptopu moja, jibu halikuwa na njia ya kupotelea. Kumbe kichwani nilikuwa na dhana ambayo sikuiandika popote, na hata mimi mwenyewe sikujua kama ninayo: kwamba aliyebonyeza mara mbili amelipa mara mbili.

Dawa yake ni ya zamani, kila mwenye duka anaijua: namba ya stakabadhi. Fomu ya malipo ikifunguka inapewa namba yake. Seva ikiiona namba ileile mara ya pili, inarudisha jibu lilelile la kwanza na haigusi salio. Ni mistari kama 20 ya msimbo. Na jaribio linaloambatana nayo ni la sentensi moja: tuma malipo yaleyale mara mbili, salio lipungue mara moja. Jaribio hilo ningeweza kuliandika siku ya kwanza. Sikuliandika kwa sababu swali lenyewe halikunijia.

Kuandika programu mtajifunza, wengine mmeshajua. Somo hili linahusu yale maswali ambayo hayaji yenyewe.

Jina la fani yetu lilipata umaarufu Oktoba 1968, kwenye mkutano uliofadhiliwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Waliokutana pale walikuwa na malalamiko ambayo mtu wa leo atayatambua mara moja: miradi inachelewa, gharama zinapitiliza, na mfumo ukikamilika haufanyi kile mteja alichotaka. Wakaona jina la uhandisi liwekwe makusudi, kama kichokoo. Mhandisi wa daraja hasemi "nadhani litabeba", kwa nini sisi tunasema?

Mtihani wenu utawauliza sifa za ubora wa programu. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 25010, toleo la 2011, kinataja nane: kufanya kazi iliyokusudiwa, kasi, kupatana na mifumo mingine, urahisi wa kutumia, kutegemeka, usalama, urahisi wa kutunza, na kuhamishika. Zikaririni, zitawapa alama. Lakini mimi orodha ile naiona kama orodha ya viungo vya pilau. Kuijua hakukupi pilau. Na viungo vyenyewe vinagombana: ukizidisha usalama, mtumiaji analalamika kila saa anaulizwa nywila; ukizidisha kasi, unaacha ukaguzi fulani. Kuacha ukaguzi fulani ndiko kunakonipeleka Kourou.

Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou, Guyana ya Ufaransa, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza, imebeba setilaiti 4 za utafiti za mradi wa Cluster. Haikumaliza dakika moja. Ikiwa kwenye kimo cha mita 3,700 hivi ilipinda ghafla, ikaanza kumeguka, na mtambo wake wa kujilipua ukaimaliza.

Injini zilikuwa nzima na mafuta yalikuwemo. Kilichoanguka kwanza ni programu, ile ya kifaa kinachoiarifu roketi imeelekea wapi na inakwenda kasi gani. Na programu hiyo haikuwa ya mwanafunzi aliyekesha usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Ilirithiwa kutoka Ariane 4, imesharuka mara nyingi bila tatizo. Ukiwa meneja, programu kama hiyo unaipenda kuliko zote.

Ndani yake mlikuwa na hesabu iliyochukua namba ya desimali ya biti 64 (biti ni nafasi ya kuandikia 0 au 1) na kuiweka kwenye nafasi ya namba kamili ya biti 16. Hapa naazima vipimo vya bibi zetu. Pishi moja ni vibaba vinne, na 64 ni 16 mara nne, utadhani walipanga. Mtu akikuletea pishi ambayo chini yake kuna konzi moja ya mchele, kibaba kinatosha, na unaweza kumimina miaka kumi usimwage punje. Ariane 4 kila ikiruka ilileta konzi moja. Ile namba ilitokana na kasi ya roketi ya kwenda upande, na kasi hiyo kwa Ariane 5 ilipanda haraka mara tano kuliko kwa ndugu yake mkubwa. Kibaba cha biti 16 kinaishia 32,767. Sekunde kama 37 baada ya injini kuu kuwashwa, pishi ikaja imejaa, kibaba kikafurika, kifaa kikazima.

Msiwacheke walioiandika. Walikuwa wameziona namba 7 zenye hatari hiyohiyo. Nne waliziwekea kinga, 3 wakaziacha wazi kwa makusudi, kwa sababu kompyuta ile ilipangiwa isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, na kila kinga inakula uwezo. Walitathmini wakaona hizo 3 haziwezi kufurika, na kwa Ariane 4 walikuwa sahihi. Tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ilipotazama msimbo haikukuta maelezo ya uamuzi huo ndani yake. Mtu aliyeurithi msimbo kwa ajili ya Ariane 5 aliona namba 3 hazina kinga, lakini hapakuwa na mstari wa kumwambia: "tumeacha hivi kwa kuwa roketi yetu haipandi kasi hiyo." Maoni ya mstari mmoja tu, wadogo zangu.

Mtauliza, hawakuwa na kifaa cha akiba? Walikuwa nacho. Pacha kabisa, programu ileile, kinapokea mwendo uleule. Cha akiba ndicho kilichotangulia kuzima, na cha kazini kikakifuata baada ya takriban sehemu 5 za mia za sekunde. Akiba ya namna hiyo inakukinga na waya uliokatika. Dhana mbovu inakaa kwenye vyote viwili. Kisha, katika kuzima, kifaa kilituma ujumbe wa kueleza hitilafu yake, na kompyuta kuu ikausoma ujumbe ule kama taarifa za safari. Ikaamini roketi imepotoka, ikaipindisha kwa nguvu zote ili kurekebisha kosa ambalo halikuwepo.

Na kinachoniuma zaidi mimi: hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote angani. Ilikuwa ya kukilinganisha kifaa, yaani kukiweka sawa, roketi ikiwa bado imesimama chini. Iliachwa iendelee sekunde kama 40 za safari kwa sababu kwenye Ariane 4 iliwahi kuwa na faida, pale kuhesabu sekunde za kuelekea kurusha kuliposimamishwa dakika za mwisho. Ariane 5 haikuhitaji. Ilibaki kwa kuwa ilikuwepo, na kitu kinachofanya kazi watu wanaogopa kukigusa. Nendeni ofisi yoyote ya kompyuta mtakuta faili ambalo hakuna anayejua linafanya nini na hakuna anayethubutu kulifuta.

Majaribio je? Kifaa kile hakikuwahi kujaribiwa kwa takwimu za safari ya Ariane 5. Baada ya ajali walizitumia takwimu hizo kuiga safari, na hitilafu ikajirudia. Mnaona inavyofanana na laptopu yangu? Wao na mabilioni yao, mimi na chama changu cha soko, wote tulijaribu mahali ambapo jambo lenyewe haliwezi kutokea.

Kisa cha pili nitakisema haraka kwa sababu ni cha mwelekeo huohuo, ila hiki kina watu ndani yake. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25, iliyotengenezwa Kanada, iliwapiga wagonjwa 6 mionzi kupita kiasi, huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa. Hospitali moja ya Texas, mwaka 1986, mtaalamu aliandika aina ya mionzi isiyo sahihi, akaona kosa, akarudi juu na kulisahihisha kwa kasi ya mtu aliyezoea kazi yake. Kwa kuwa alisahihisha ndani ya sekunde 8, sehemu moja ya programu haikupata habari ya mabadiliko. Skrini ilionyesha kitu kimoja, mashine ikajipanga vingine. Halafu ikaandika "Malfunction 54", bila maelezo. Wataalamu walikuwa wameshazoea ujumbe wa hitilafu za kila siku zisizo na madhara, wakibonyeza P kuendelea. Akabonyeza P.

Kosa la namna hiyo lilikuwemo pia kwenye mashine iliyotangulia, Therac-20. Kule halikuua mtu, kwa sababu vizuizi vya umeme, mbali na programu, vilikuwa vinakata fyuzi. Fyuzi ilikatika, ikabadilishwa, kazi ikaendelea. Walipotengeneza Therac-25 waliondoa vizuizi hivyo na kuiachia programu ulinzi wote. Programu iliyokuwa ikiokolewa kimyakimya ikapelekwa mahali pasipo mwokozi.

Rudini nyumbani sasa. Dhana hatari zaidi kwetu ni zile zilizokuja na vifaa kutoka mbali. Zahanati inamtumia mjamzito ujumbe wa kumkumbusha kliniki. Nesi ameandika "saa 2:00 asubuhi", kama tunavyosema sote. Programu inasoma saa nane za usiku, na kwa kuwa imepangwa kukumbusha saa moja kabla, simu inalia saa saba usiku. Nani mwenye kosa hapo, nesi? Au fomu inayodai jina la kwanza, la kati na la ukoo, na mtu ana majina mawili tu. Keshia anaandika nukta mahali pa jina la tatu, na baada ya mwaka mna ukoo mkubwa unaoitwa Nukta. Hayo hamtayapata kwenye kitabu cha somo. Mtayapata mkiketi nusu siku nyuma ya keshia, mmenyamaza.

Wapo watakaosema, jaribu kila kitu, basi. Haya, tuchukue kazi ndogo kabisa: kujumlisha namba mbili za biti 32. Jozi zote zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 64. Ukiwa na kompyuta inayojaribu jozi bilioni 1 kila sekunde, bila kupumzika, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 580. Kwa hiyo tunachagua: sifuri, hasi, namba ya mwisho na inayoifuata, malipo yaliyotumwa mara mbili, mtandao uliokatika katikati. Tunapiga kambi mipakani, kwa sababu ndiko dhana zinakoishia. Na ili ujue mpaka uko wapi, lazima dhana iwe imeandikwa.

Kazi ya wiki ijayo ni hiyo. Chukua programu yoyote uliyoiandika muhula uliopita, usibadilishe chochote, ila orodhesha dhana zake. Ukipata chini ya 15, hujaangalia.

Naona mkono kule nyuma. Sema, mdogo wangu.

Anauliza: yule aliyeacha zile namba 3 bila kinga, alifanywa nini?

Swali zuri, na nililitafuta jibu lake kabla yako. Tume haikumtaja mtu. Ilisema uamuzi ule ulifikiwa kwa pamoja na washirika wa mradi, katika ngazi kadhaa za mkataba. Kisha ikatoa mapendekezo, na la kwanza kabisa lilisema ile hesabu ya kulinganisha kifaa izimwe mara tu roketi inaponyanyuka.