Kisu cha Kukunja Kisicho cha Kawaida: Ni Toleo la Kiwandani au Kimeunganishwa?

MAZENGO: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumzia visu vya kukunja, vile vya mfukoni ambavyo watu hukusanya. Mtu amekuta kisu mnadani Msalato hapa Dodoma siku ya Jumamosi, au kwenye meza za Sabasaba, na kina kitu ambacho wenzake hawana. Rangi ya mpini ni nyingine, umbo la bapa, yaani kile chuma chenye makali, ni jingine, au maandishi hayafanani. Anataka kujua kama ameshika toleo nadra. Dada Zaina, aanzie wapi?

ZAINA: Asianzie kwenye ile tofauti iliyomvutia. Tofauti inaweza kuwa imetoka kiwandani, inaweza kuwa ya fundi aliyetengeneza kisu kilichovunjika, na inaweza kuwa ya mtu aliyekusudia kudanganya. Zote tatu kwa macho zinafanana. Kinachozitenganisha ni kama sehemu zote za kisu zinakubaliana kuhusu umri wake. Kwa hiyo aanzie kwenye shina la bapa, ile sehemu nene isiyo na makali inayoingia kwenye mpini. Chapa huwa hapo.

MAZENGO: Na ajiandae kabla ya kusoma. Lenzi inayokuza mara kumi inatosha. Vernia ya kupima milimita, sumaku ndogo, mswaki laini uliochakaa na mafuta ya cherehani. Tone moja kwenye kiungo, subiri dakika chache, fungua na kufunga polepole, kisha futa. Vumbi la Dodoma hujaa kwenye kiungo likachanganyika na mafuta ya zamani, herufi zikafunikwa. Tope hilo lilainike lenyewe. Ukilikwangua kwa sindano unaacha mikwaruzo juu ya chapa, na mnunuzi makini akiiona atadhani umeichezea.

ZAINA: Tuanze na kisu kinachofahamika zaidi kwetu, Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao Afrika. Jina lenyewe lilikuwa jipya wakati huo: mnyama okapi alipewa jina la kisayansi mwaka 1901 tu. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Sasa muuzaji akikwambia “hiki ni cha enzi za Mjerumani”, mwombe akifungue usome nchi.

MAZENGO: Hapo ndipo wengi huingizwa mjini.

ZAINA: Sana. Ukikuta “W. Germany” au “West Germany”, basi kimetengenezwa kati ya 1949 na 1990, maana Ujerumani Magharibi kama nchi ilikuwepo miaka hiyo peke yake. Utawala wa Kijerumani hapa ulikuwa umeisha zamani, na Vita ya Kwanza. Kikisema “Germany” bila W, bado hujathibitisha lolote, kwa sababu neno hilo lilitumika kabla ya kugawanyika na limerudi baada ya kuungana. Na kikiwa na neno “Solingen”, kumbuka jina la mji huo lililindwa kisheria mwaka 1938 lisitumiwe ovyo kwenye visu, lakini lilikuwa likigongwa kwenye visu miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo Solingen inakuonyesha mahali. Umri utautafuta kwingine.

MAZENGO: Kwingine kwenye mpini na pini. Okapi wengi wana mwezi na nyota za chuma zilizopachikwa kwenye mpini, na kuna ile aina yenye pete mgongoni: ukifungua bapa meno yanalia, na ili kulifunga unavuta pete kuinua springi. Nakala za bei ndogo zinaiga mapambo yote hayo. Kwa hiyo mwezi na nyota si ushahidi. Tazama zilivyokaa. Kipande kilichopachikwa vizuri kimelala sawasawa na mti, ukipitisha ukucha haukwami. Kilichobandikwa baadaye kina gundi pembeni, au shimo lake ni kubwa kuliko chenyewe na limejazwa.

ZAINA: Na chapa je? Watu wanazigonga siku hizi.

MAZENGO: Chapa ya zamani iligongwa kwa nyundo au mashine, chuma kikasukumwa. Kwenye lenzi kingo za herufi ni za mviringo kidogo na kina kinapungua pale bapa lilipofutwa mara nyingi. Maandishi ya leza ni meusi, yana kina kile kile kila mahali na kingo kali. Halafu angalia kutu. Bapa la chuma cha kaboni lililozeeka lina vishimo vidogo vya kutu, na vishimo hivyo vinapaswa kupita hadi ndani ya herufi. Ukiona bapa limeliwa na kutu lakini herufi ni safi kana kwamba zimeandikwa juu ya kutu, basi zimeandikwa juu ya kutu kweli.

ZAINA: Hiyo ni alama ninayoiamini kuliko zote. Nigeukie sasa visu ambavyo mwaka wake unahesabika: Case, vya Bradford, Pennsylvania, Marekani. Tangu 1970 waliweka nukta kumi chini ya jina, na kila mwaka wakaondoa moja. Nukta tisa ni 1971, nukta tano ni 1975, nukta moja ni 1979. Mwaka 1980 wakaanza upya na nukta kumi.

MAZENGO: Kumbe nukta tano zinaweza kuwa 1975 au 1985.

ZAINA: Ndiyo, na unaamua kwa herufi S. Kwenye mfululizo wa 1980 herufi S za jina ni za pembe, kama radi. Kabla ya nukta, kati ya 1965 na 1969, chapa ilikuwa “CASE XX U.S.A.”, na kuanzia 1940 hadi 1964 ilikuwa “CASE XX” bila jina la nchi. Sasa chukua kisu chenye mabapa mawili. Bapa moja lina “CASE XX” na la pili lina “CASE XX U.S.A.”. Hiki kinaweza kuwa halali kabisa, maana kiwanda hakikutupa mabapa yaliyobaki chapa ilipobadilika. Wakusanyaji wanavitafuta visu hivi vya mpito. Lakini bapa moja likiwa na “CASE XX” na jingine nukta tatu za 1977, kuna miaka kumi na zaidi katikati. Kiwanda hakikufanya hivyo. Ni fundi aliyebadilisha bapa lililovunjika.

MAZENGO: Na namba ya modeli isomwe pamoja na mpini.

ZAINA: Lazima. Kwa Case, tarakimu ya kwanza ni nyenzo ya mpini: 6 ni mfupa uliochongwa vijishimo, 5 ni pembe ya kulungu, 3 ni plastiki ya manjano. Ya pili ni idadi ya mabapa. Zinazobaki ni muundo. Kwa hiyo 6254 ni mfupa, mabapa mawili, muundo wa 54. Ukikuta 6254 yenye mpini wa manjano, usikimbilie kusema ni toleo la ajabu. Ilitakiwa iwe 3254. Kwanza shuku vibao vya mpini vimebadilishwa.

MAZENGO: Na kubadilishwa kunaonekana kwenye pini. Pini za kiwandani zimesawazishwa na mpini. Za fundi mara nyingi zina alama za nyundo, kichwa kimoja kipana kuliko kingine, au ni chuma wakati nyingine zote ni shaba ya manjano. Sumaku itakwambia: shaba haivutwi, alumini haivutwi. Elekeza kisu kwenye mwanga pia. Mwanga ukipenya kati ya springi na bamba la ndani upande mmoja tu, kisu kimewahi kufunguliwa. Kuhusu mfupa, kwenye lenzi utaona vitundu na vistari vidogo vyeusi vya mishipa. Plastiki haina, na mara nyingine ina mstari wa kalibu. Tafadhali msitumie ile njia ya kuchoma kwa sindano ya moto. Seluloidi, plastiki ya zamani, inashika moto haraka sana, na hata isipowaka umeshatoboa mpini.

ZAINA: Kuna bapa ambalo halikubadilishwa ila limenolewa mpaka umbo likawa jipya. Mtu anaona ncha butu anasema “toleo la ncha ya kondoo”, kana kwamba kiwanda kiliitoa butu hivyo.

MAZENGO: Pima kutoka kishimo cha ukucha, kile unachoshikia ukifungua bapa, hadi kwenye ncha, kisha linganisha na kisu kingine cha muundo huo huo. Kishimo hakihami. Ncha ikivunjika na kusagwa upya, umbali huo unapungua. Funga kisu pia: ncha ya kiwandani inalala chini ya ukingo wa mpini. Ikichomoza, au kisigino cha bapa kikiwa na alama za tupa, limeguswa.

ZAINA: Kwa upande wa Kongwa kuna jambo la pekee. Mpango wa karanga wa Waingereza, kuanzia 1947 hadi ulipoachwa 1951, uliendeshwa kwa vifaa vingi vya jeshi vilivyobaki baada ya vita. Kwa hiyo anayepata kisu cha jeshi la Uingereza upande huo asishangae. Tafuta mshale mpana, ile alama ya mali ya serikali, pamoja na mwaka na jina la mtengenezaji. Vingine vina msumari wa kamba, ule wa kufungulia mafundo, unaolala mgongoni, vingine vimetoka kiwandani bila huo. Usipouona, tazama kama kuna nafasi tupu au mchubuko pale ulipokuwa unalala. Na kikiwa na namba ndefu ya vifaa ya NATO, ule umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, inayoanza na 7340 kisha 99, halafu mtu anakuuzia kama cha 1943, mrudishie. NATO yenyewe iliundwa 1949.

MAZENGO: Vya Uswisi tuvipitie kwa kifupi. Pima urefu kikiwa kimefungwa. Kampuni ya Victorinox wana vya milimita 58, 84, 91, 93 na 111. Ukipata cha zamani chenye 85, hicho huenda ni cha kampuni ya pili, Wenger, na msalaba wake umo ndani ya mraba wenye kona za mviringo, si ngao. Wenger ilinunuliwa na Victorinox mwaka 2005, kwa hiyo majina haya mawili msiyachanganye kwenye vya zamani.

ZAINA: Kwenye milimita 91, kulabu ya nyuma ya kubebea mizigo iliingia 1991. Na kisu cha askari cha 93, chenye vibao vya alumini, kilitolewa 1961 hadi 2008 na kina mwaka kwenye shina. Vya mwanzo kabisa vilikuwa vyekundu, kisha vikawa rangi ya fedha. Ukikuta chekundu chenye 78 kwenye shina, angalia ndani ya mifereji ya alumini na chini ya kingo. Rangi iliyopakwa baadaye haifiki huko vizuri. Na Opinel, kisu cha Ufaransa chenye mpini wa mti, isiyo na pete ya kufungia inaweza kuwa ya kabla ya 1955, lakini pete hutoka. Tafuta mfereji wake kwenye shingo ya chuma.

MAZENGO: Ukitaka maoni ya wengine, piga picha sita: shina pande zote mbili, mgongo, pande zote mbili za mpini, na kisu kikiwa wazi kabisa juu ya rula ya milimita. Piga kivulini, asubuhi, maana jua la saa sita linafuta herufi kwenye picha. Picha zipigwe kabla ya kusafisha.

ZAINA: Na msipitishe msasa wala mashine ya kung'arishia. Mafuta na kitambaa, basi. Vyenye mpini wa seluloidi viwekwe mbali na vingine, kwa sababu ikizeeka hutoa hewa inayokula chuma kilicho karibu, na kutu yake huanzia ndani ya mpini ambako hamuioni. Na mti na mfupa vikitoka pwani kuja huku kwenye ukavu hunywea na kupasuka kwenye pini, kwa hiyo msiviache dirishani wala kwenye dashibodi ya gari.