Mgeni Ndani ya Kioo

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za alasiri wazee wangu, walimu wenzangu, mafundi, na nyie vijana mliokaa chini kwa sababu viti vimeisha.

Kabla sijaanza: uani, juu ya meza, nimeacha maboksi matatu yanayotazama magharibi. Kila boksi lina kioo upande mmoja na kipimajoto ndani. La kwanza lina kioo cheupe cha kawaida. La pili lina kioo cha tinti, hiki wanachokiweka mafundi wa alumini. La tatu lina kioo cheupe kama la kwanza, ila nimeliegeshea kuti kwa nje. Sasa ni saa tisa na robo. Tuliache jua lifanye kazi yake, tutayarudia.

Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya tando. Utando ninaousema ni tabaka la kitu lililopakwa juu ya kioo au chuma, jembamba kuliko unavyoweza kulipima kwa rula yoyote. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni, na unywele wa mtu una unene wa nanomita 70,000 hivi. Utando wa oksidi ya tangsteni unaopakwa kwenye dirisha linalobadilika rangi una nanomita 300 au 400. Panga tando 200 za namna hiyo, moja juu ya nyingine, ndipo utapata unene wa unywele mmoja. Kwa tando hizo watu wametengeneza betri, wametengeneza dirisha linalojitia giza, wametengeneza na paneli za sola. Huwa tunavitaja kama vitu vitatu. Mimi naviona ndugu wa tumbo moja, na betri na dirisha ni mapacha kabisa.

Nianze na kinywe, kwa kuwa kiko kwetu. Watu wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, wanalijua jiwe hilo: jeusi, laini, linachafua mkono, ukilipitisha kwenye karatasi linaandika. Ndicho kitu kilicho ndani ya penseli. Tungekuwa na jicho la kuona atomu, tungekuta kaboni imejipanga kama mikeka iliyorundikwa, na kati ya mkeka na mkeka pana nafasi ya theluthi moja ya nanomita. Unapochaji simu, ayoni za lithiamu, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zinajipenyeza humo, moja kwa kila atomu sita za kaboni. Unapoitumia simu, zinatoka na kurudi upande wa pili wa betri. Mikeka inanyanyuka kidogo, inashuka, haichaniki. Mgeni amebisha hodi, amelala, ameaga, na nyumba imebaki imesimama. Betri ya namna hii iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony ya Japani, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyoifikisha hapo.

Mkumbukeni huyo mgeni, maana ndiye tunayeondoka naye.

Mwaka 1969, huko Marekani, Satyen Deb alichapisha kazi yake juu ya oksidi ya tangsteni. Tangsteni mnaijua, ndiyo uzi wa zile balbu za zamani zilizokuwa zinaunguza vidole. Deb alionyesha kwamba utando wa oksidi yake, ambao mwanga unapita bila shida, hugeuka buluu ukitiwa umeme. Utafiti uliofuata ukaeleza sababu. Ayoni ndogo, ya lithiamu au haidrojeni, inaingia ndani ya utando ikifuatana na elektroni. Elektroni ile ikishakaa humo inameza mwanga mwekundu pamoja na sehemu ya joto la jua lisiloonekana kwa macho. Kinachotufikia sisi ni buluu. Geuza nyaya, chanya iwe hasi, mgeni anatoka na kioo kinakuwa cheupe tena.

Hebu nichore hapa ubaoni. Chini kabisa kioo. Juu yake utando unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, oksidi ya indiamu na bati. Ndio huohuo ulio kwenye simu yako unapogusa kioo kwa kidole. Halafu oksidi ya tangsteni. Halafu tabaka linaloruhusu ayoni kupita na kuzuia elektroni. Halafu oksidi ya nikeli, hapo ndipo wageni wanaposubiri. Halafu tena utando wa kupitisha umeme. Wewe binti wa kidato cha nne, mchoro huu umeuona wapi? ... Sema kwa sauti wakusikie wa nyuma. Betri! Ndiyo, ni betri. Elektrodi mbili na elektroliti katikati. Unapolitia giza dirisha unalichaji, na ndiyo maana hata ukikata umeme linaweza kubaki na giza lake kwa saa kadhaa. Chaji imo ndani, haijapewa njia ya kutoka. Na linahitaji volti chache tu, tena wakati wa kubadilika peke yake.

Aliyewahi kupanda Boeing 787 ameliona jambo linalofanana na hili. Dirisha la ndege ile halina pazia la kushusha, unabonyeza kitufe kioo kinaingia giza. Humo wametumia jeli badala ya tando ngumu, lakini kinachobadili rangi ni umeme uleule wa volti ndogo.

Naona mkono pale mlangoni. Fundi anauliza, kama dirisha ni betri, kwa nini tusichajie simu? Tupige hesabu pamoja. Utando mzuri unabeba chaji ya milikulombi 20 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, kwa hiyo unapata kulombi 200. Gawanya kwa 3.6 kuigeuza kuwa mAh, kipimo kinachoandikwa kwenye betri za simu, unapata mAh 55. Simu yako imeandikwa 5,000. Dirisha zima, basi, lina chaji kama asilimia moja ya simu moja. Utando mwembamba hauna tumbo la kuhifadhia, na anayekuja kukuuzia "betri ya utando" ya kuendeshea friji la samaki, muulize hesabu hii.

Wembamba unaleta faida nyingine. Ayoni zinatembea polepole sana ndani ya kitu kigumu, na muda wa safari unakua kwa mraba wa umbali. Ukipunguza unene mara 10, muda unapungua mara 100. Kwa hiyo kitu kigumu kinachoonekana hakifai kabisa kuwa elektroliti, kikiwa utando kinafaa. Hapo ndipo walipopita John Bates na wenzake wa maabara ya Oak Ridge, Tennessee, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walichukua fosfati ya lithiamu, wakaipaka ndani ya gesi ya naitrojeni, wakapata utando mgumu kama kioo unaopitisha lithiamu. Betri yao yote ni nyembamba kuliko unywele, haina kimiminika cha kuvuja wala kushika moto, na inachajiwa maelfu ya mara. Mahali pake ni kwenye vihisio na vifaa vidogo vya tiba.

Kupaka kwenyewe kunafanyikaje? Hakuna brashi. Kaeni mkifikiria mvua ya masika ikipiga uwanja wa mchanga mbele ya nyumba iliyopakwa chokaa. Tone likianguka, mchanga unaruka, na baada ya wiki moja sehemu ya chini ya ukuta ina rangi ya uwanja. Ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, ayoni za gesi ya agoni ndizo matone, bamba la tangsteni ndilo uwanja, na kioo ndicho ukuta. Ongeza oksijeni kidogo na tangsteni inafika kwenye kioo ikiwa oksidi. Ombwe lile na usafi ule ndivyo vinavyofanya vioo hivi viwe ghali. Malighafi yenyewe inayotumika kwenye dirisha moja ni gramu chache.

Sola nitaipitia haraka, wengi mnayo juu ya bati. Silikoni, iliyo kwenye paneli nyingi, ni nzito ya kumeza mwanga, inahitaji unene wa zaidi ya mikromita 100 hivi (mikromita moja ni nanomita 1,000). Kadimiamu teluraidi inafanya kazi hiyo kwa mikromita mbili au tatu, na jua likipandisha joto la paneli hupoteza nguvu kidogo kuliko silikoni, ambayo hupungukiwa na asilimia 0.4 hivi kwa kila digrii juu ya 25. Kwa bati la Mtwara mwezi Novemba, hilo si jambo dogo. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, kule Lausanne, Uswisi, walitoa seli ya sola iliyonasa mwanga kwa rangi iliyopakwa juu ya oksidi ya titani, ungaunga uleule unaotia weupe rangi za ukutani. Na mwaka 1996, Clemens Bechinger, Brian Gregg na wenzao huko Colorado, Marekani, wakaioanisha seli hiyo na oksidi ya tangsteni katika kioo kimoja. Jua linapiga, rangi inatoa elektroni, elektroni zinaingia kwenye tangsteni, lithiamu inazifuata, kioo kinaingia giza. Hakuna waya wowote unaotoka ukutani. Sola, betri na dirisha wamekutana nyumba moja.

Sasa tuseme ya kwetu pwani. Adui wa tando zote hizi ni unyevu. Hewa inayokula mabati yetu ya Shangani na Mikindani ndiyo itakayopenya kwenye ukingo wa kioo usiozibwa vizuri, na mgeni atakayeingia hapo hakualikwa. Kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii asijifunze kupaka tu, ajifunze kuziba kingo.

Kuna na mgeni aliyealikwa akagoma kuondoka. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baada ya kubadilika mara nyingi, baadhi ya ayoni hunasa ndani ya tangsteni, kioo kikawa hakirudi weupe wake. Mwaka 2015, Rui-Tao Wen, Claes-Göran Granqvist na Gunnar Niklasson wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba ukiutia utando uliochoka volti kubwa kuliko kawaida, kwa saa kadhaa, walionasa wanatoka na utando unafanya kazi kama mpya. Habari hiyo ilinifurahisha mno, maana kitu kilichokuwa cha kutupwa kikawa cha kutengenezwa.

Na joto letu. Chukua dirisha la mita 1.2 kwa 1.5, linatazama magharibi, saa kumi jioni. Kila mita ya mraba inapigwa na wati 600 hivi, kioo cheupe kinapitisha kama asilimia 80. Zidisha: zaidi ya wati 850. Ni sawa na kuacha pasi ya umeme imewashwa juu ya kitanda chako. Nyumba yangu ya Chuno niliiwekea madirisha mapana ya alumini upande huo, kwa kufuata wengine, na kwa miaka sita watoto wangu wamelala sebuleni. Wazee wa Mikindani walijenga kuta nene za matumbawe na madirisha madogo yenye mbao za kufunga. Walilijua jua la magharibi.

Tinti nayo inameza joto, halafu yenyewe inakuwa jiko, sehemu ya joto ile inaingia ndani. Hata dirisha janja, hili linalobadilika rangi, lina tabia hiyo, ndiyo maana huwekwa vioo viwili na utando ukawa kwenye kile cha nje. Kwa hiyo nasema wazi: kwa nyumba ya kuishi hapa Mtwara, leo, usikope fedha kwa ajili ya kioo kinachobadilika rangi. Weka kivuli nje ya dirisha kwanza.

Ila kinywe sitakiacha hivihivi. Kabla hakijaingia kwenye betri, kinasafishwa mpaka kaboni ifike asilimia 99.95, punje zake zinaviringishwa kama shanga, kisha kila punje inavikwa utando mwembamba wa kaboni. Ndiyo, utando. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa sana inafanyika China. Nataka iwepo hapa, na nataka wa kuifanya wawe nyie mliokaa chini. Hakuna hatua hata moja niliyoitaja inayoshinda mtu aliyeshika vizuri kemia ya kidato cha sita na akapewa maabara.

Saa kumi na dakika tano. Twendeni uani. Mmoja asome vipimajoto, mwingine aandike, na kila mtu akisie kabla ya kusoma. Kile cha tinti msikiguse kwa kiganja kizima.