Breki za diski hazishiki? Zirudishie nguvu nyumbani

Ukishuka kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, ukabana breki kwa vidole vyote na baiskeli bado inakimbia, usikimbilie kununua breki mpya. Mara nyingi tatizo ni mafuta, yale yanayoruka kutoka kwenye mnyororo uliopakwa oili chafu ya injini.

Toa gurudumu. Kwa breki za mafuta (zinazosukumwa na mafuta badala ya waya), usibane mkono wa breki sasa, maana pistoni zitatoka na diski itakosa nafasi. Chomoa pini, toa pedi, yaani vipande vinavyobana diski, uziangalie kwa karibu. Sehemu inayosugua, bila kuhesabu bati lake, ikibaki chini ya nusu milimita, badilisha. Uso uking'aa kama kioo, laza msasa namba 120 juu ya kigae, sugua pedi kwa kuzungusha mpaka mng'ao uishe. Vumbi lake usilipulize, lifute kwa kitambaa chenye maji. Pedi iliyokwisha kunywa mafuta haiponi, hata ukiichoma motoni. Weka nyingine.

Futa diski kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa safi, pande zote, halafu usiiguse tena kwa vidole. Petroli na dizeli ziweke mbali kabisa, zinaacha utelezi.

Rudisha pedi na gurudumu. Diski ikikwaruza upande mmoja, legeza boliti mbili za kalipa (kile chombo kinachoshika pedi), bana breki, na ukiwa umeibana hivyo kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo.

Breki za waya, ambazo ndizo nyingi kwetu, zina kosa lake. Pedi ikilika, watu huvuta waya tu. Mkono wa kalipa unaanza ukiwa umeshavutwa nusu, na nguvu inapotea. Kwenye kalipa nyingi pedi ya ndani haijisogezi: zungusha skrubu yake mpaka ikaribie diski bila kugusa. Waya uurekebishe mwisho.

Breki ya mafuta ikiwa laini kama sifongo, ina hewa. Itolewe hewa kwa mafuta yaliyoandikwa kwenye breki yenyewe. Ya madini na ya DOT (aina ya mafuta ya breki kama ya magari) hayabadilishani, ukikosea yanaharibu sili, raba zinazozuia mafuta yasivuje.

Sasa tafuta barabara tambarare. Kimbia kama kilomita 20 kwa saa, bana mpaka mwendo wa kutembea, achia kabla gurudumu halijasimama. Rudia mara 20 kwa kila breki. Hapo pedi inapaka utando mwembamba kwenye diski, na utando huo ndio unaoshika. Mara za kwanza breki itaonekana dhaifu, endelea tu. Ukimaliza diski itakuwa ya moto sana. Iache ipoe yenyewe, usiimwagie maji.