Faili Limefunguka, Lakini Namba Hizi ni za Nini?

HAMISI: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Hamisi, niko na dada Rehema kama kawaida, na leo nimeleta jambo lililoninyima usingizi siku mbili.

REHEMA: Asante kaka. Ulinitumia ujumbe saa sita za usiku, nikajua tu kuna kazi.

HAMISI: Nilitumiwa data ya shule, kila shule nukta moja. Nilitaka kitu kidogo: kuchora duara la mita 500 kuzunguka kila shule, nione barabara zipi zinapita ndani yake. Nikafungua Python, lugha ya programu, nikaita GeoPandas, maktaba yake ya data za ramani, nikaandika `read_file` na jina la faili. Likagoma.

REHEMA: Shapefile?

HAMISI: Shapefile. Faili moja, lenye kiishio cha shp.

REHEMA: Jina hilo linapotosha watu wengi. Shapefile ni kundi la mafaili yenye jina moja na viishio tofauti. La shp limebeba maumbo: nukta, mistari, poligoni. La shx ni faharasa, linaonyesha kila umbo linaanzia wapi. La dbf ni jedwali la maelezo, kama jina la shule na hesabu ya wanafunzi. Na kuna la prj, linaloeleza namba za nukta zimepimwa kwa mfumo gani, ambalo ndilo lililokuponza, kwa hiyo tutalirudia.

HAMISI: Ujumbe wa kosa ulilalamikia shx, ila ukanipa na njia: weka SHAPE_RESTORE_SHX iwe YES. Nikaweka, likafunguka! Kuangalia ndani, nina nukta tupu. Hakuna jina la shule hata moja.

REHEMA: Faharasa inaweza kujengwa upya, kwa sababu ndani ya shp kila umbo limeandikiwa urefu wake. Programu inahesabu tu kutoka la kwanza hadi la mwisho. Majina hayamo humo, hivyo dbf likikosekana hakuna hesabu ya kuyarudisha. Na anayehesabu hapo si GeoPandas. Chini yake kuna GDAL, maktaba ya kusoma data za ramani ambayo Frank Warmerdam alianza kuiandika mwaka 1998. Ukiwa kwenye R, lugha nyingine ya programu, ukaita `st_read` kufungua faili, ni GDAL hiyo hiyo. QGIS, programu ya ramani, pia. Ndiyo maana kosa uliloliona wewe, mwenzako anayetumia R angeliona vilevile.

HAMISI: Nikaomba yaliyobaki, yakaja la shx na la dbf. Majina yakaonekana. Ila kuna safu mbili sikuzielewa: moja inaitwa `idadi_ya_w`, nyingine `idadi_ya_1`.

REHEMA: Aliyetengeneza aliandika nini?

HAMISI: Nilimuuliza. Idadi ya wavulana na idadi ya wasichana.

REHEMA: Basi umeona. Faili la dbf limerithiwa kutoka dBASE, programu ya zamani ya hifadhidata, na jina la safu haliruhusiwi kuzidi herufi 10. Yote mawili yalikatwa yakafanana, ndipo programu ikalitia la pili namba ili yasigongane. Hili linanikera kweli, maana mtu anaweza kuwahesabu wasichana akidhani ni wavulana, na hakuna kitakachomshtua. Ukiwa wewe ndiye unayetoa data, toa GeoPackage. Ni faili moja kweli, ndani yake ni hifadhidata ya SQLite, na majina yanabaki marefu yalivyo.

HAMISI: Sasa tufike kwenye maduara.

REHEMA: Yalikuwaje?

HAMISI: Niliandika `buffer(500)`. Kila duara likaifunika dunia nzima na kupitiliza.

REHEMA: Kwa sababu namba zako zilikuwa digrii. Uliiambia kompyuta ichore duara lenye nusu kipenyo cha digrii 500, na dunia nzima kuizunguka ni digrii 360.

HAMISI: Lakini mbona haikunionya? Nimewahi kuona GeoPandas ikitoa onyo ukipima umbali kwenye digrii.

REHEMA: Inaonya ikijua kuwa ni digrii. Inajuaje? Kwa kusoma prj, na prj hukutumiwa. Ungeandika `.crs`, yaani kuuliza mfumo wa vipimo, ungepata `None`, yaani hakuna. Kwake hizo zilikuwa namba tu, zisizo na kipimo. Ndiyo maana nasema faili likifunguka bila kosa, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza: namba hizi ni za nini?

HAMISI: Mimi nikajaribu ujanja. Digrii moja ni kama kilomita 111, basi nikagawanya 500 kwa 111,000.

REHEMA: Kwa latitudo inakaribia ukweli kila mahali. Longitudo ndiyo inayokuangusha, kwa sababu mistari yake inasogeleana kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia. Ukifika latitudo ya 60, digrii ya longitudo imebaki nusu. Duara lako huko ni yai.

HAMISI: Kwa hiyo nibadilishe mfumo. Kuna `set_crs` na kuna `to_crs`, na kusema kweli nilikuwa nazichanganya.

REHEMA: Fikiria ubao uliopimwa kwa inchi, ukaandikwa 40. Ukifuta neno inchi ukaandika sentimita, ubao haujafupika hata kidogo, maandishi tu yamekuwa uongo. `set_crs` ni kuandika neno pembeni ya namba. `to_crs` ndiyo inayopiga hesabu na kukupa namba mpya. Kama data haina mfumo, tangaza kwanza ule iliopimwa nao, halafu ibadilishe iwe ya mita, mfano UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita; chukua ya ukanda wako. Hata `estimate_utm_crs` itakuchagulia ukanda.

HAMISI: Na huo mfumo wa kwanza nautambuaje?

REHEMA: Angalia `total_bounds`, inayokupa namba ndogo na kubwa kabisa za data yako. Namba zikiwa ndani ya 180 kwa longitudo na 90 kwa latitudo, huenda ni digrii. Zikiwa malaki au mamilioni, huenda ni mita, au futi.

HAMISI: Zangu zilikuwa ndogo. Nikasema basi ni EPSG 4326, yaani namba ya WGS 84, mfumo wa digrii unaotumiwa na GPS, nimalize.

REHEMA: Hapo ndipo nilipokuzuia usiku ule. Digrii nazo zina wenyewe. Mifumo ya zamani ilipimwa juu ya umbo jingine la dunia, na nukta ile ile inaweza kuachana na WGS 84 kwa mamia ya mita. Kwenye ramani ya bara zima hutaona tofauti. Kwenye duara la mita 500, barabara iliyoko nje inaingia ndani.

HAMISI: Nikamwandikia tena aliyenitumia, nikamwomba prj. Lilikuja jana, mstari mmoja wa maandishi unaosomeka hata bila programu. Na haikuwa WGS 84, Rehema. Ulikuwa mfumo wa zamani.

REHEMA: Ukaziona zikisogea?

HAMISI: Nilichora zote mbili pamoja, zile nilizokisia na zile sahihi. Kila shule ilikuwa na nukta mbili, na zimepishana upande mmoja wote.