Sasa wewe usiye na dini, ukifa tutakufanyia nini?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Hicho kichwa cha mada sikukitunga mimi, ni swali la shangazi zangu, waliniuliza siku niliposema wazi kwamba sina dini, eti nani atakuombea, matanga tutayakalia vipi? Wananipenda, kwa hivyo nawajibu kwa heshima.

Huwa nawaambia wakumbuke jeneza la Profesa Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira wa Kenya. Sisemi alikuwa mwenzetu tusio na dini, alisomeshwa na masista wa Kikatoliki na imani aliiheshimu. Ila alipofariki Septemba 25, 2011 alikuwa ameshaacha neno kwamba hataki azikwe kwenye mbao, basi wakamtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, yale yale yanayowasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria, akaagwa kitaifa pale Uhuru Park, bustani ya katikati ya Nairobi, halafu mwili ukachomwa kwenye tanuri la kuchomea maiti la Kariokor. Wengi walishtuka, kwetu mtu anazikwa shambani kwake bwana! Lakini mimi niliona mtu ambaye hata maiti yake iliendelea na kazi aliyoianza 1977 na kina mama wa Green Belt, vuguvugu lake la kupanda miti.

Na hiyo Uhuru Park yenyewe ipo kwa sababu 1989 alikataa serikali ijenge jengo la ghorofa 60 pale, akaandika barua baada ya barua, akatukanwa mpaka bungeni, wawekezaji wakajitoa. Leo familia ikikaa kwenye zile nyasi na watoto wao, huo kwangu ndio ukumbusho, hata kama hakuna anayetaja jina lake.

Halafu 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo hapo kwenye kona ya bustani, yeye akiwa nao, polisi wakawapiga marungu na gesi, yeye akazimia. Waliopona walienda wapi? All Saints Cathedral, ng'ambo ya barabara, wakakaa huko karibu mwaka mzima wakidai watoto wao. Hili nalisisitiza sana kwa vijana wetu, kudai haki bila kutegemea dini si kugombana na kanisa, siku ile kanisa ndilo lilifungua mlango.

Mimi wosia nimeshaandika. Hakuna jiwe la kaburi, pesa ya jeneza iende kwenye miche ya shule ya kijijini kwetu. Shangazi mkubwa alisoma taratibu, akavua miwani, akauliza kitu kimoja tu, je, mimi naruhusiwa kuomba? Nikamwambia omba shangazi, omba mpaka uchoke, halafu umwagilie ile miche.