Nani Amekukwaza?
Mhadhara kwa wanafunzi wa theolojia, Dodoma

Mbukwenyi!

(Ukumbi unaitikia.)

Asanteni. Mmeona nilivyokwepa. Mkuu wa chuo amewasalimu "Bwana Yesu asifiwe", mkaitika mpaka mabati yakalia, halafu nimesimama mimi na salamu ya Kigogo. Tangu niache kuamini, salamu inanisumbua kuliko theolojia yote. Mtu ananikaribisha kwake, "Bwana asifiwe, Mwalimu." Nisipoitika nimemdharau mwenye nyumba, nikiitika nimemdanganya. Kigogo ndicho kimeniokoa. Mnisamehe, na hilo neno nalo limenitoka tu. (Kicheko.)

Nilipoalikwa nilimuuliza mkuu wenu mara mbili kama amelifikiria vizuri. Akaniambia, "Mwalimu, hawa watapewa parishi, na huko watakutana na watu kama wewe. Afadhali wa kwanza wamkute hapa, penye chai." Basi nimekuja. Sikuja kumtoa mtu kanisani. Nimekuja kuwaeleza tunavyozungumza, ninyi na sisi, na kwa nini mazungumzo hayo huharibika kabla chai haijapoa.

Mimi ni mtoto wa mwinjilisti. Nimekulia kijiji cha upande wa Mvumi, nimefundisha hisabati, na nimeimba sauti ya pili kwaya moja hapa mjini miaka 26. Kwa hiyo nayajua maneno yenu. "Amepoa." "Amerudi nyuma." "Tumwombee." Nami nimeyasema kuhusu wengine, tena kwa upendo kabisa.

Ilianza kwenye sensa. Agosti 2012 nilikuwa karani, kama walimu wengi. Mnakumbuka kanuni: anahesabiwa aliyelala kwenye kaya usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 26. Nikafika nyumba moja, mama kakaa kwenye kigoda anapepeta uwele. Watoto wangapi? Akasema watano. Akanitajia majina manne, akanyamaza, ungo ukasimama. Akasema, "Andika wanne. Mmoja tumemzika Ijumaa." Nikaandika wanne. Jirani yake, bibi wa makamo, akanifuata mlangoni ananilaumu: mbona hujauliza dini? Nikamwambia sensa haiulizi dini tangu ile ya 1967. Akashangaa kweli. "Sasa Serikali itajuaje sisi ni watu gani?"

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kutoa neno kwenye jumuiya. Nikaona nitafute habari za sensa kwenye Biblia, litakuwa neno la wakati. Wanatheolojia mmeshatabasamu, mnajua nilikoangukia. 2 Samweli 24: hasira ya Bwana inawaka, anamtia Daudi nia ya kuwahesabu Israeli. 1 Nyakati 21, habari ile ile: anayemshawishi Daudi ni Shetani. Nikamuuliza mchungaji, akanijibu mnavyojibu, kwamba Mungu aliruhusu, Shetani akatenda. Nikaridhika. Nawaambia ukweli, niliridhika kabisa. Watu hudhani mtu anaacha imani kwa sababu ya aya mbili zisizopatana. Labda wapo. Mimi hesabu zisizopatana zilikuwa kazi yangu ya kila siku, nasahihisha kwa kalamu nyekundu na maisha yanaendelea.

Lililonikaa kifuani ni tauni. Mfalme anakosa, wanakufa watu elfu sabini, kutoka Dani mpaka Beer-sheba. Waliokufa ni waliohesabiwa. Na mimi wiki ile nilikuwa nimehesabu watu kwa mkono wangu, mstari mmoja mtu mmoja, wengine mama zao wamewavuta sikio waje waonekane. Daudi mwenyewe analiona, anasema ni yeye aliyekosa, lakini kondoo hawa wamefanya nini? Nilingoja jibu la swali hilo katika sura ile. Panajengwa madhabahu, tauni inazuiwa. Swali la Daudi limeachwa pale pale.

Sikutoka kanisani siku hiyo. Iliendelea kama miaka minne. Ninyi mliokulia Dodoma mnajua maji ya korongoni. Mwezi wa sita unafukua mchanga kidogo kwa kata, maji haya hapa. Mwezi wa nane unafika kiunoni. Mwezi wa kumi unaingia shimoni mzima, mtu amekushikia ndoo juu, na bado unachota, bado unasema kisima kipo. Siku moja kata inatoka na tope. Hakuna aliyekiiba kisima. Nilikuwa nikiomba hivyo, kila wiki nafukua chini zaidi.

Nikaja kuwaambia watu. Hapa ndipo penye kichekesho: mimi niliacha kuamini, nao hawakuamini kwamba nimeacha kuamini. Swali la kwanza, kwa kila mtu, lilikuwa hili: "Nani amekukwaza?" Mzee wa kanisa aliuliza hivyo, dada yangu hivyo, mwenyekiti wa akina mama hivyo. Walitafuta mtu. Mchungaji kakusema madhabahuni? Fedha za kwaya? Mume wangu naye akaulizwa pembeni kama nyumbani kuna amani. Nami ningekuwa na mtu wa kumtaja, kila mmoja angepumua, maana mkosaji anaitwa, mnapatanishwa, unarudi kundini. Sikuwa naye. Waliokuwa wema kwangu walikuwa wengi mno.

Wengine walisema nimesoma sana. Haya, Digrii moja ya hisabati! Wengine wakaja na lile la "je, ukifa ukakuta Mungu yupo?" Hilo mlipime kabla hamjalitumia, maana jirani yangu Mwislamu anaweza kukuuliza hilo hilo kuhusu dini yake, na hutahama nyumba kwa sababu hiyo.

Lililoniumiza ni 1 Yohana 2:19. Mnalijua: walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu. Kijana mmoja, niliyemfundisha mimi Shule ya Jumapili, alinisomea akiwa amesimama ukumbini kwangu. Maana yake, Mwalimu, hukuwahi kuokoka. Nikajiuliza, zile alfajiri za kufunga? Baba yangu nilipomwimbia anakata roho, nilikuwa naigiza? Niambieni nimepotea, nitavumilia. Lakini msiniingilie miaka 30 ya nyuma mkaifuta ili hesabu yenu itoke sawa. Mwalimu wa hisabati anaijua hila hiyo. Ni ya mwanafunzi aliyeliona jibu nyuma ya kitabu, akarekebisha njia.

Nisijifanye ninyi tu ndio wakosaji. Nilikuwa na rafiki, tulisimama bega kwa bega kwenye kwaya. Alikuja jioni na maandazi, akaniuliza taratibu, "Hivi kweli huamini kitu?" Badala ya kumjibu nikafungua Biblia. Nikamwonyesha Yuda: Mathayo 27 anajinyonga, Matendo 1 anaanguka na kupasuka tumbo. Akajaribu kuyaunganisha, nikamkatiza. Nikampeleka kwenye mwisho wa Marko, zile aya ambazo hazimo katika miswada ya kale kabisa. Nilikuwa moto. Nilishinda. Akafunga kibakuli chake na kitambaa, akasema, "Mwanangu je?" Alikuwa amemzika mtoto mwaka uliotangulia. Alikuja kuniuliza kama mtoto wake yuko mahali, nami nikamjibu kuhusu Yuda. Siku hizi tukikutana soko la Majengo tunasalimiana, tunaulizana bei ya nyanya.

Hayo ya kuonekana mkanaji na kuulizwa "nani amekukwaza" si mageni katika historia yenu. Mmesoma habari za Polikarpo, askofu wa Smirna. Liwali wa Kirumi alimtaka aseme "waondoeni wasioamini Mungu", na waliokusudiwa walikuwa Wakristo. Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa enzi hizo, alikiri kwamba kwa miungu ile ya Warumi, ndiyo, sisi ni wakanaji. Na tusiende mbali hivyo. Babu wa baba yangu alibatizwa baada ya wamisionari kufika Mpwapwa miaka ya 1870, kabla Dayosisi ya Central Tanganyika haijazaliwa mwaka 1927. Akaacha kupeleka pombe kwenye makaburi ya wazee wake. Nyumbani kwetu inasimuliwa kwamba wazee walimweka kikao wakamuuliza nani amemkosea, na mvua isiponyesha wamtafute nani. Hata jina la Mungu hakubadilisha, Mulungu wa zamani ndiye huyo huyo akaingia kanisani. Bado walimlilia kama aliyekufa.

Mama yangu alikuwa na swali la namna hiyo. Nilimwambia tukiwa jikoni, ugali wa uwele umeshapakuliwa, mlenda pembeni. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mimi ndiye ninayeombea chakula. Akasema, "Mama, omba." Nikasema, mama, siwezi tena. Tukakaa. Ugali ukaanza kushika ngozi juu. Hakuniuliza sababu. Aliuliza, "Nikifa, kaburini utasimama wapi?" Nikamwambia nitasimama pale pale, mbele, na watoto wako. Akasema, "Basi nawa." Akaomba mwenyewe, ombi refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akiomba, jina langu limo mara nne. Ibara ya 19 ya Katiba inaniruhusu kubadili dini au imani, na nashukuru, lakini Katiba haichimbi kaburi wala haipiki ubwabwa wa matanga. Mama alikuwa anauliza kuhusu hayo.

Na mchungaji mmoja mstaafu. Alikuja mara ya kwanza akaongea habari za uwele na ndege wanaoushambulia, akaondoka. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikasema huyu ananivizia. Mara ya tatu akaniuliza, "Unakosa nini zaidi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, kuimba. Akasema, rudi basi uimbe. Nikasema, Baba Mchungaji, niimbe maneno nisiyoyaamini? Akacheka mpaka akakohoa. "Unadhani besi wote wale wanayaamini?" (Kicheko kirefu.)

Ibada ya Jumapili siendi. Msibani naimba, kwa sababu pale sauti ya pili huwa hazitoshi, na jeneza likiwa mbele hakuna anayemkagua mwenzake. Kama ni unafiki mtaniambia, maana muda wa maswali umefika. Yule kijana wa nyuma kanyoosha mkono tangu nilipomtaja Yuda. Mpeni kipaza sauti.