Nyumba ya Pamoja Ugenini: Ulizia Watu Kabla ya Chumba

ZUWENA: Asalaam alaykum msikilizaji. Leo tunazungumza na nyinyi mliokwisha kupata barua ya chuo, viza iko njiani, na sasa mnatafuta pa kukaa. Nassor, tuanze na Uingereza, ndiko ulikosoma.

NASSOR: Waalaykum salaam, dada Zuwena. Kule wanafunzi wengi wakimaliza mwaka wa kwanza hutoka bwenini wakakodi nyumba wanne, watano. Kila mtu na chumba chake, jiko na choo ni vya wote. Na wengi huuliza bei tu.

ZUWENA: Kwani bei si muhimu?

NASSOR: Muhimu, lakini watu kwanza. Mkitia saini mkataba mmoja wa pamoja, kodi yote ni deni lenu nyote. Mwenzenu akiacha masomo Januari akaenda zake kwao, mwenye nyumba anaweza kukudai wewe fungu lake. Uliza: mkataba ni mmoja wa wote, au kila chumba kina wake? Mgeni asiye na jamaa kule namshauri huu wa pili, hata ukiwa ghali kidogo.

ZUWENA: Hapa Unguja ukikodi Kwerekwe, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Huko je?

NASSOR: England, sehemu moja ya Uingereza, ina sheria ya mwaka 2019. Kwa nyumba za kawaida, dhamana, yaani pesa unayoweka ukarudishiwa ukihama bila deni wala uharibifu, haizidi kodi ya wiki tano. Chumba cha pauni 120 kwa wiki, dhamana mwisho pauni 600, na ndani ya siku 30 lazima iwekwe kwenye mfuko wa hifadhi unaotambuliwa na serikali. Pesa ya kushikia nyumba kabla ya mkataba haizidi kodi ya wiki moja, basi.

ZUWENA: Na anayeambiwa atume pesa akiwa bado yupo Unguja?

NASSOR: Asitume! Picha nzuri, bei rahisi, mwenye nyumba yuko nchi nyengine, funguo zitakuja kwa posta: huyo tapeli. Omba bweni la chuo kwanza; vyuo vingi humwekea mgeni wa mwaka wa kwanza chumba akiwahi kuomba. Ukishafika, nyumba unaiona kwa macho yako, na hao wa kukaa nao unawasikia wanavyozungumza.

ZUWENA: Sasa tuingie jikoni, maana hapo ndipo panaponiumiza. Mtoto katoka Wete, anakuta kikaango kilichokaangiwa nguruwe ndicho hicho hicho cha mayai. Anaona haya kusema, anakula mkate mkavu wiki nzima.

NASSOR: Nimewaona wa namna hiyo.

ZUWENA: Aseme, tena kabla hajatia saini! "Nina sufuria zangu na kikaango changu, naomba visipikiwe nguruwe." Wengi wanaelewa wakiambiwa mapema. Ukinyamaza miezi mitatu kisha ukafoka, wewe ndiye unayeonekana mkorofi. Na Ramadhani? Saa kumi alfajiri unakaanga, ukuta mwembamba, mwenzio ana mtihani asubuhi.

NASSOR: Daku ipikwe usiku, alfajiri ni kupasha moto tu. Na chooni usitegemee kukuta maji ya kujisafishia. Nunua kopo lako, wala usilifiche.

ZUWENA: Ahsante kwa kulisema hilo.

NASSOR: Jengine ni ushuru wa baraza la mji. Nyumba ikiwa ya wanafunzi watupu, wanaosoma muda wote si wa muda mfupi mfupi, hailipiwi. Akihamia mmoja anayefanya kazi, bili inakuja, na ugomvi wa nani alipe unaanza. Kwa hiyo mnapotafuta mtu wa kujaza chumba kilichobaki, muulizeni kama anasoma.

ZUWENA: Na siku ya kuhamia?

NASSOR: Kabla hujafungua begi, piga picha kuta, godoro, madirisha, kila doa. Mtumie mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyo hiyo, ili tarehe ibaki. Siku ya kudai dhamana yako utazihitaji.